Skrubu ya Matundu Mawili

Siku moja mwanamke asiyemjua aliingia katika chumba cha Bi Sindano, akaketi kwenye kiti cha wateja, akapandisha mkono wa blauzi mpaka begani na kugeuzia uso ukutani. Huko barabarani alikuwa ameambiwa, "Nenda pale kwa Bi Sindano, ana mkono mwepesi." Bi Sindano alimtazama, kisha akaitazama kamera iliyokuwa mbele yake mezani, matumbo nje.

"Mama," alisema kwa upole, "mimi huwa nawachoma hawa tu."

Walicheka mpaka yule mama akasahau homa iliyomleta. Kisa hicho kilizunguka mtaa mzima, na kila kiliporudi mlangoni kwa mwenyewe kilikuwa kimetiwa chumvi zaidi. Mara ya mwisho alisikia kwamba alimdunga mtu kwa bisibisi.

Jina lenyewe lilitokana na vifaa vyake. Mezani kwake hapakuwa na kitu ambacho ungekikuta dukani jinsi kilivyo. Kulikuwa na sindano za cherehani zilizosuguliwa ncha na kupachikwa kwenye vipini vya kalamu, mbavu za miavuli, spoki za baiskeli zilizopondwa zikawa bapa. Kulikuwa na kizibo cha mpira cha chupa ya dawa, ambacho ukikikandamiza juu ya pete ya lenzi na kukizungusha, pete isiyo na pa kushika inatoka bila kukwaruzika. Na skrubu asiyoijua kabisa aliipimia kwa kalamu ya plastiki: aliipasha kalamu moto, akaibandika juu ya skrubu ikiwa bado laini, akaingoja ipoe. Ikishapoa imechukua sura ya kichwa cha skrubu, na mara nyingine ilitosha kuifungua hiyo hiyo.

Kamera zina uchoyo wa ajabu. Redio ukiipindua utakuta skrubu za msalaba, na bisibisi moja inamaliza kazi. Kamera sivyo. Hii ina skrubu ya mabawa matatu, ile ina nyota ya ncha tano, nyingine haina mfereji wowote ila vitundu viwili kama pua ya panya. Hata za msalaba zina hila. Ziko zinazofanana na za redio kama pacha na pacha, lakini ukizitia bisibisi ya redio inapanda, inateleza, inakula kichwa cha skrubu, na wewe unabaki na shimo la duara na majuto. Bi Sindano alizoea kusema kwamba waliozitengeneza walificha humo ndani siri ya ukoo wao.

Kazi alifundishwa na mjomba wake, kaka wa mama yake, aliyemchukua akiwa na miaka kumi na tisa kwa sababu moja tu: alikuwa na vidole vyembamba. Utaratibu wao ulikuwa mmoja na haukubadilika kwa miaka kumi na moja. Mjomba alifungua, yeye aliingia. Mjomba aliiondoa kofia ya kamera, maana ndivyo walivyokiita kile kifuniko cha juu, akamsogezea kamera ikiwa wazi. Yeye akatengeneza kilichoharibika kati ya magurudumu na springi, akairudisha, na Mjomba akafunga. Hakuwahi kuuliza kofia ilitokaje, kama vile mtu aliyetengewa chakula asivyouliza jiko liliwashwaje.

Mjomba alipofariki, alimwachia meza, taa, na kitambaa kinene cha kukunja chenye vifuko ishirini na vinne, kila kifaa na kifuko chake. Juu ya kila kifuko Mjomba alikuwa amechora kwa wino alama ndogo iliyopinda kama ndoana. Bi Sindano aliichukulia kuwa ni saini yake, kama mtu anavyotia alama sufuria kabla ya kuiazimisha. Wakati huo watu walikuwa wameshaanza kuziacha kamera za filamu. Zikaja za kadi, naye akajifunza kuzifungua mwenyewe, kwa vifaa vyake mwenyewe, na kitambaa cha Mjomba kikawa kinakunjuliwa mara moja moja.

Kisha macho yakaanza ukungu.

Aliuficha ukungu huo miaka mitatu. Alifanya kazi kwa kupapasa, akajisifu kimoyomoyo kwamba vidole vyake vilikuwa na macho yake ya pembeni. Siri ilifichuka siku binti yake alipomwona akimimina chai kwa uangalifu mkubwa kando ya kikombe.

"Mama, hicho unachomwagia ni kitambaa cha meza."

"Najua."

"Unajua?"

"Sasa najua."

Alipelekwa hospitali akiwa bado anabisha. Ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alipomweleza kwamba wangetoa lenzi iliyochakaa na kuweka nyingine safi, Bi Sindano alipata uchangamfu ambao familia haikuutarajia.

"Na hiyo mpya, daktari, inashikwa na skrubu gani?"

"Haina skrubu, mama. Inakaa yenyewe."

Jibu hilo halikumridhisha. Kitu kinachokaa chenyewe, alimwambia mumewe njiani, kinaweza pia kuondoka chenyewe. Lakini lenzi zilikaa. Aliona tena nyuzi za shuka. Aliona pia mikunjo ya uso wake, akasema kioo cha bafuni kinahitaji kusafishwa.

Shida ikawa mikono. Jicho moja, kisha la pili, kisha kupumzika kama alivyoagizwa: miezi saba ilipita chumba kikiwa kimefungwa. Alipokifungua na kujaribu kamera yake mwenyewe ya kadi, aliiangusha skrubu moja mara tatu, na mara ya nne ikaingia ufa wa sakafu. Vidole vilivyokuwa vikiona gizani vilikuwa vimeduwaa kwenye mwanga.

Binti alikuja kumtazama, akayaona hayo. "Mama, umefanya kazi ya kutosha. Kaa nyumbani."

"Nikae nifanye nini?"

"Upumzike."

"Nimepumzika miezi saba. Sasa nimechoka."

Kuta zina masikio, na ukuta wa chumba chake ulikuwa wa mbao. Upande wa pili alikuwapo jirani anayeuza makava ya simu, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mcheshi, mwenye bidhaa nyingi kuliko nafasi. Alikuja siku hiyo hiyo, kofia mkononi.

"Mama, sitaki kukuharakisha hata kidogo. Lakini kama utaamua kupumzika, naomba mimi niwe wa kwanza. Nibomoe huu ukuta, nipumue."

"Jumamosi saa sita mchana nitakupa jibu," alisema Bi Sindano.

Alipobaki peke yake aliweka nadhiri ambayo hakumwambia mtu, hata mumewe. Kamera ya kwanza itakayoingia mlangoni, iwe ya nani, iwe ya aina gani: nikiifungua, nabaki. Nikishindwa, Jumamosi saa sita jirani apewe ufunguo.

Kamera ya kwanza iliingia Alhamisi asubuhi, mikononi mwa Mzee Usicheke.

Huyu alikuwa mpiga picha za vitambulisho kwa miaka arobaini, na jina alilipata kwa neno aliloliamuru kila siku ya miaka hiyo. Karibu kila mtu mzima wa mtaa ule alikuwa na kitambulisho ambacho ndani yake anaonekana kama aliyepokea habari za msiba, na wote ni kwa sababu ya Mzee Usicheke.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia umetiwa macho mapya."

"Yote mawili."

"Basi nitazame vizuri. Nimezeeka?"

"Ulizeeka zamani, mzee. Mimi ndiye nilikuwa sioni."

Mzee alicheka kwa pua, akafungua kitambaa na kuweka mezani kamera ya filamu, nyeusi, nzito, iliyosuguka pembe mpaka shaba ikachungulia. Ile ndiyo aliyowapigia watoto wake wote walipozaliwa. Jumapili alikuwa anasafiri kwenda kumwona kitukuu wake wa kwanza, naye alitaka kumpiga kwa kamera hiyo hiyo. Ila kimkono cha juu, kile cha kuvutia filamu kwa kidole gumba, kilikuwa kimegoma. Hakisogei hata kidogo.

"Wana simu zao," alisema, "lakini za simu sizitaki. Zinapiga kabla sijavuta pumzi. Utaiweza?"

Bi Sindano aliipindua kamera mara mbili, kana kwamba jibu limeandikwa chini yake. "Niachie mpaka Jumamosi," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

Ugonjwa ulikuwa ndani, chini ya kofia. Kofia ilishikwa na skrubu nne. Tatu zilikuwa za kawaida na zilitoka bila matata. Ya nne ilikuwa juu ya kimkono chenyewe: duara tambarare la chuma, halina mfereji wala msalaba, lina matundu mawili yaliyoachana kwa urefu wa punje ya mchele. Alikunjua kitambaa cha Mjomba. Kifuko cha kifaa cha matundu mawili kilikuwa kitupu. Mjomba alimwazimisha fundi mwenzake kifaa hicho kabla hajafa, na fundi mwenzake akahama nacho.

Haikuwa neno. Maisha yake yote yalikuwa ni kutengeneza kisichokuwapo. Aliitoa bikari ya binti yake, ya mkebe wa hesabu wa shuleni, ambayo alikuwa ameifanya ya ncha mbili kwa kuchomeka sindano mahali pa penseli. Alizipima ncha, akazitia kwenye matundu, akazungusha kushoto, upande ambao kila skrubu duniani hufungukia. Miguu ya bikari ikatanuka kama mbuzi anayeteleza kwenye utelezi, ncha zikaruka, na juu ya lile duara ukabaki mkwaruzo mweupe wenye urefu wa ukucha.

Aliutazama mkwaruzo ule kwa macho yake mapya. Ukungu wa zamani ungemfichia. Sasa aliuona kama barabara.

Bikari ni laini, alijiambia, inahitajika kitu kigumu. Alasiri hiyo alirudi nyumbani mapema, akachagua uma mmoja kwenye droo ya jikoni, akautia mfukoni. Asubuhi ya Ijumaa aliukata meno mawili ya pembeni, akabakiza ya katikati, akayasugua kwa tupa mpaka yakakaa kwenye matundu sawasawa, bila kucheza. Kilikuwa kifaa kizuri. Mjomba angekikubali. Alikishika kwa mikono miwili, akazungusha kushoto kwa nguvu zake zote, akauma meno, akajaribu tena akiwa amesimama.

Tk.

Jino moja la uma lilibaki ndani ya tundu. Alilitoa kwa ncha ya sindano, akaketi, akaiona mikono yake ikitetemeka juu ya mapaja kama ya mtu mwingine. Skrubu haikuwa imesogea hata unywele. Kwa kweli, ilionekana imekaza zaidi kuliko Alhamisi. Ni wewe, alijiambia. Skrubu ina kosa gani? Ni wewe.

Jioni, mezani, mumewe alitafuta kwenye sahani, akatafuta chini ya leso.

"Uma wangu uko wapi?"

"Tumia kijiko."

"Kijiko ninacho. Nimeuliza uma." Mumewe alikuwa fundi baiskeli, mtu mnene wa polepole mwenye karakana ng'ambo ya barabara, mkabala na chumba cha mkewe. Miaka ishirini na saba ya ndoa ilikuwa imemfundisha kwamba kitu kikipotea jikoni, kuna kamera inayotibiwa. "Mwaka ule ilikuwa chujio la chai. Nyumba hii, mke wangu, mwisho tutakula kwa bisibisi."

Siku nyingine angemjibu. Safari hii alitazama sahani.

"Kazi inaendaje?"

"Salama."

Mumewe alizijua salama zake zote, na hii hakuipenda. Lakini alijua pia kwamba mkewe ukimsukuma anafunga, akamwacha. Binti, ambaye hakujua hilo au alijifanya hajui, alisema, "Jirani wa makava amenipigia. Anauliza kama kesho aje na fundi mbao."

"Aje," alisema Bi Sindano. "Saa sita si ndiyo niliyosema?"

Jumamosi saa moja asubuhi alikuwa amefika chumbani. Hakwenda kutengeneza. Alikwenda kupanga, ili mtu asije akasema aliondoka akiacha uchafu. Alifuta meza. Alikusanya sindano katika bati. Kamera ya Mzee Usicheke aliifunga kwa kitambaa chake, akaiweka kwenye kiti cha wateja, akitunga maneno ya kumwambia. "Mzee, nisamehe." Hapo palitosha, na hapo hapo palimshinda kupita.

Mwisho akachukua kitambaa cha Mjomba, akakipeleka mlangoni kwenye jua akikung'ute vumbi. Alikitandaza juu ya goti. Hakuwa amekitazama hivi kwa miaka mingi. Enzi za ukungu alikijua kwa vidole tu, na Alhamisi alikuwa na haraka. Sasa, katika mwanga wa asubuhi, ziliibuka zile ndoana za wino juu ya vifuko, zimepauka, lakini kila mkunjo ukionekana. Moja, mbili, tatu, zote zimepinda na kulaza mkia kushoto. Alifurahi kuziona kama anayeona mwandiko wa mtu wake. Nne, tano, sita.

Ya saba ililaza mkia kulia.

Ilikuwa juu ya kile kifuko kitupu.

Wino umechuruzika, aliwaza kwanza. Akaisogeza karibu. Haukuchuruzika. Mkono wa Mjomba haukuwa mkono wa kukosea mkunjo. Akaendelea kuhesabu, taratibu, akigusa kila moja kwa kidole. Kati ya ishirini na nne, ishirini na mbili zililala kushoto. Mbili tu zililala kulia: ya kifuko kitupu, na ya kile kifunguo chembamba chenye mdomo wa bata. Kifunguo hicho alikijua. Mwaka wake wa kwanza aliwahi kukijaribu bila ruhusa, akahangaika nacho mpaka Mjomba akapiga meza kwa kiganja na kusema, "Mwache huyo! Huyo anafunguka kinyume."

Bi Sindano alisimama mlangoni, kitambaa mkononi, watu wakimpita.

Haikuwa saini. Haikuwa saini hata siku moja. Mzee wa watu alikuwa amechora juu ya kila kifaa upande wa kuzungushia, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akifungua, na kichwa chake kilikuwa cha kusahau kama vichwa vyote.

Alirudi ndani karibu akimbie, akaifungua kamera, akaweka kidole gumba kwenye kimkono kama mpiga picha. Ndiyo. Kila unapovuta filamu, kidole kinakizungusha kimkono upande wa kushoto. Skrubu ya kawaida ingezunguka nacho, picha hii kidogo, picha ile kidogo, mpaka siku moja ingeanguka barabarani. Kwa hiyo aliyeitengeneza aliigeuza nyuzi zinazouzunguka mwili wake, ili kila picha iikaze badala ya kuilegeza. Na yeye kwa siku mbili, kwa bikari, kwa uma, kwa nguvu zake zote na akiwa amesimama, alikuwa akiikaza.

"Nisamehe," alisema. Aliiambia skrubu.

Kisha akavuka barabara.

Mumewe alikuwa amechuchumaa mbele ya gurudumu. Alimwona mkewe akija kwa ule mwendo ambao hakuwa ameuona kwa miezi saba, akajifanya anakagua spoki.

"Nipe spoki. Nzima, isiyo na kutu."

"Spoki tu? Hutaki uma?"

"Usinichekeshe, nina haraka."

Alirudi na spoki mezani kwake, akaikunja katikati kama kibanio cha nywele, akaziviringishia ncha zake waya wa shaba zisipate kutanuka, akaibana kwenye kipini cha bisibisi kuukuu. Akasugua ncha kwa tupa. Akapima, akasugua, akapima. Redio ya jirani ilikuwa ikiimba upande wa pili wa ukuta, naye akawa anaifuatisha bila kujua maneno. Ncha zilipoingia kwenye matundu na kutulia, ndipo alipogundua kwamba tangu aanze kusugua mikono haikuwa imetetemeka. Ilikuwa imepata la kufanya.

Alidondoshea skrubu tone la spiriti. Akaigusisha ncha ya chuma cha kulehemu, moto kidogo tu, ili ilegee pale alipoibana. Akahesabu mpaka thelathini. Akashika kipini, akazungusha kulia.

Haikusogea.

Alifumba macho, akashusha pumzi, akakumbuka kwamba ana deni la siku mbili za kukaza na si haki kudai lilipwe mara moja. Akazungusha tena, polepole, bila hasira, akiongeza nguvu kama mtu anayemwamsha mtoto.

Haikutoa sauti. Ilikubali tu. Vidole viliipokea habari kabla ya macho: ule ulegevu mdogo, mtamu, wa kitu kilichoshikilia kwa muda mrefu na sasa kimeamua kuachia. Robo. Nusu. Mzunguko mzima. Duara lilitoka, likalala kwenye kiganja chake likiwa na joto kidogo, na mkwaruzo wake juu. Bi Sindano aliketi na kulitazama, na machozi yakatiririka kupitia lenzi mbili mpya ambazo hazikuwa na skrubu, wala hazikutoka.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya vidole vyembamba. Kofia ikanyanyuka. Chini yake, kati ya magurudumu mawili ya meno, palikuwa na kipande cha filamu kilichokatika, kidogo kama ukucha wa mtoto mchanga, kimekwama. Kipande hicho ndicho kilichoyasababisha yote. Alikitoa kwa sindano ya cherehani. Akavuta kimkono.

Krrrk.

Akavuta tena, kwa raha yake tu. Akavuta mara sita. Alikuwa akivuta ya saba jirani wa makava alipotia kichwa mlangoni, futi ya kupimia shingoni, nyuma yake fundi mbao. Ilikuwa saa sita kasoro robo.

"Mama, jibu lipo, au turudi baadaye?"

"Lipo. Kapime ukuta wa upande ule mwingine."

Jirani alicheka, akaivua futi shingoni. "Nilijua. Nimemwambia huyu: mama anaimba, twende zetu. Yeye akasema tuulize." Kisha akasogea kuangalia. "Ndiyo hiyo iliyokutesa? Tangu juzi nasikia humu unagombana na mtu."

"Nilikuwa nagombana na mtu asiye na kosa."

Mzee Usicheke alikuja baada ya adhuhuri, akiwa amevaa kabisa koti la safari ya kesho. Alichukua kamera, akaweka kidole gumba, akavuta. Sauti ilipotoka mzee alifumba macho, na uso ule ambao kwa miaka arobaini ulikataza wengine kucheka ukafunguka wote.

Mumewe naye alikuwa amevuka barabara, mikono imejaa grisi, kwa kisingizio cha kudai spoki yake. Bi Sindano akawaeleza yote, bikari, uma, ndoana za wino, nyuzi zilizogeuzwa. Hata nadhiri aliieleza, akitazama meza. Mumewe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kutikisika tumbo.

"Unacheka nini?"

"Mke wangu. Pedali ya kushoto ya baiskeli."

"Imefanyaje?"

"Inafunguka kinyume! Isijilegeze mtu akikanyaga. Kila baiskeli, tangu tujuane. Miaka ishirini na saba unalala na fundi baiskeli, ungeniuliza tu!"

"Ungeniambia kwanza habari za uma wako."

"Ningekuambia yote mawili!" Kisha akasema, kwa sauti nyingine, "Siku nyingine uniulize, mama. Usikae na salama ya namna ile peke yako."

Mzee Usicheke alikuwa ameshatia filamu mpya. Alitaka picha ya majaribio, na akataka awe fundi mwenyewe, pale pale mezani, na kifaa chake kipya mkononi. Bi Sindano alikaa wima, akakaza uso. Mzee akainua kamera, na kwa mazoea ya miaka arobaini akaamuru, "Usicheke."

Nyuma yake mumewe alikuwa akikanyaga pedali hewani kwa mguu wa kushoto.

Picha hiyo ilifika kwa posta wiki tatu baadaye, pamoja na moja ya mtoto mchanga aliyekunja uso kama kitambulisho. Ya fundi ilikuwa na ukungu kidogo pembeni, kwa sababu alitikisika, lakini meno yote yanaonekana. Ameibandika ukutani, kwenye mbao zile ambazo hazikubomolewa. Chini yake hukaa kitambaa cha Mjomba. Kifuko cha saba kina spoki iliyokunjwa, na juu yake ile ndoana iliyopauka imepitishwa wino mpya, mkia wake umelala kulia.